Behewa lililopinda kama ndizi

Najua nimepotea. Wengine mmenitumia meseji kuuliza kama baridi ya hapa York imeshanimaliza. Jibu ni kwamba bado, ila inajitahidi. Nilikuwa nahangaika na esei moja ya darasani ambayo imenipeleka mahali sikutegemea kabisa. Ya Kiingereza nimeshaikabidhi, sasa nawaletea ya Kiswahili, ambayo mimi naona ndiyo tamu zaidi maana huku hakuna wa kunikata maksi.

Iko hivi. Mwalimu wetu wa historia alitupa kazi: chagua kitu kimoja, kitazame chenyewe kwanza kabla ya kukimbilia makaratasi, halafu andika kinakuambia nini. Wenzangu wakachagua vitu vya heshima: saa ya mfukoni, barua za vita, cherehani ya bibi. Mimi nikachagua sanduku la treni za modeli la mzee jirani yangu. Sanduku lenyewe limejaa vitu vilivyovunjika. Na siwafichi, kimoja nilikiharibu mimi mwenyewe.

Mzee huyu anaishi nyumba ya pili kutoka tunapopanga. Tulijuana kwa sababu ya taka: siku moja nilitoa pipa siku ambayo siyo, akanigongea kunielekeza. Tangu hapo nikawa naenda kunywa chai kwake siku za Jumapili. Ana miaka 78, mikono imeanza kutetemeka, na juu ya meza ya chumba cha nyuma ana reli ndogo inayozunguka. Ni saizi ile Waingereza wanaiita 00, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 76, na upana wa njia ya reli ni milimita 16.5. Treni yake ya kwanza aliletewa Krismasi ya mwaka 1953, akiwa na miaka 6.

Basi siku moja akanionesha behewa ambalo kioo cha dirisha kimechomoka. Mikono yake haiwezi tena kazi hiyo, akaniuliza kama naweza kumsaidia. Mimi huyo, mtoto wa mjini, nikasema hilo dogo sana mzee. Nikaenda chumbani nikachukua supaglu, nikaweka tone moja hapa, tone moja pale, nikabana, nikamrudishia kwa mbwembwe. Kesho yake asubuhi kioo kilikuwa kimepata ukungu mweupe, kama dirisha la daladala siku ya mvua. Tena siyo kioo kimoja, hata cha jirani yake.

Jamani niliona aibu. Nikamwambia mzee nitanunua kingine. Yeye akauliza swali moja tu: "Kimetengenezwa kwa nini?" Nikajibu: "Plastiki." Akacheka mpaka akakohoa. "Plastiki gani?"

Sikuwa na jibu. Na ndiyo hapo esei yangu ilipoanzia, kwa sababu nilikuja kugundua kwamba kwenye treni za modeli swali hilo ndilo linaloamua kila kitu. Kila kipindi kilikuwa na plastiki yake, kila plastiki ina ugonjwa wake, na dawa ya huyu ni sumu kwa yule. Ukijua kipande kimevunjikaje, mara nyingi unaweza kukisia kilizaliwa lini.

Tuanze kabla ya plastiki, maana watu wengi (na mimi nilikuwa mmoja wao) wanadhani zamani vitu vilikuwa vya chuma na havikufa. Siyo kweli. Frank Hornby wa Liverpool, yule aliyevumbua Meccano mwaka 1901, alianza kuuza treni za bati za kuvuta kwa ufunguo mwaka 1920. Mwaka 1938 kampuni yake ikaleta Hornby Dublo, treni ndogo zaidi zenye injini za aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Zilikuwa nzito na nzuri sana. Lakini zinki ikichafuliwa na risasi kidogo tu, baada ya miaka inaanza kuoza kwa ndani. Inavimba, inapata nyufa, mwisho inamomonyoka kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Magurudumu na miili ya treni nyingi za kabla ya vita yaliishia hivyo. Wamarekani wa kampuni ya New Jersey Zinc walishatengeneza aloi ya zinki safi mwaka 1929 kwa ajili ya tatizo hilo hilo, ila usafi wa kiwandani ni jambo moja na usafi wa karatasini ni jingine. Kipande cha namna hiyo hakina gundi. Unakibadilisha, basi.

Kwa hiyo plastiki ilipokuja haikuja kuharibu dunia iliyokuwa imara. Ilikuja kama mwokozi. Ya kwanza kutamba ilikuwa Bakelite, ya Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, aliyoitengeneza mwaka 1907. Baada ya Vita vya Pili kampuni ya Lionel ya New York ilitoa mabehewa makubwa ya abiria ya Bakelite kuanzia mwaka 1946. Ni mazito na yanang'aa, lakini ukiangusha moja sakafuni linapasuka kama sahani ya udongo. Na Bakelite ikishaiva kwenye kalibu, imeiva moja kwa moja. Huwezi kuiyeyusha tena kwa moto wala kwa dawa. Ikipasuka unatumia epoksi, ile gundi ya mirija miwili unayochanganya, ambayo yenyewe iliingia sokoni mwaka 1946 kwa jina la Araldite kutoka Uswisi. Epoksi haiunganishi Bakelite kwa kuiyeyusha. Inashika tu kwa nje, kama mkono unavyoshika mkono.

Sasa turudi Uingereza kwenye behewa la mzee wangu. Mwaka 1946 kulianzishwa kakampuni kanaitwa Rovex Plastics. Krismasi ya 1950 wakatengeneza seti ya treni ya umeme ya kuuzwa kwenye maduka ya Marks & Spencer. Injini yake ilikuwa mfano wa Princess Elizabeth, injini ya kweli iliyojengwa Crewe mwaka 1933. Seti ilikuwa ya plastiki na bei yake ilikuwa nafuu. Mwaka uliofuata Rovex ikanunuliwa na Lines Brothers, kampuni kubwa ya vitu vya kuchezea. Hapa kuna mchezo wa maneno nimeupenda: wenye kampuni walikuwa ndugu watatu, ukoo wao Lines, yaani mistari. Mistari mitatu inatengeneza pembetatu, ndiyo maana bidhaa zao wakaziita Tri-ang. Mwaka 1952 wakazindua Tri-ang Railways, na mwaka 1954 wakahamia kiwanda kipya Margate, mji wa pwani kusini-mashariki.

Plastiki waliyoanza nayo ilikuwa selulosi asetati. Hii inatokana na selulosi, ile iliyomo kwenye pamba na mbao, ikapikwa na asidi ya siki, kisha ikachanganywa na kilainishi ili iweze kutiririka vizuri ndani ya kalibu. Shida iko hapo kwenye kilainishi. Hakikai. Kinatoka kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na plastiki inasinyaa. Paa linasinyaa kwa kasi yake, kuta kwa kasi yake, basi behewa linapinda. La mzee limepinda kama ndizi bukoba, siwatanii. Ukiliweka mezani limesimama kwa ncha mbili, na katikati unaweza kupitisha penseli. Ukilinusa linatoa harufu ya siki, yaani asidi ile iliyotumika kulipika imeanza kurudi kwa mwenyewe.

Nikamuuliza mzee kama amewahi kulinyoosha. Akasema miaka ya 1970 alilitia kwenye maji ya moto, akalifunga kwenye ubao, likanyooka vizuri kabisa. Baada ya wiki mbili likarudi, na safari hii likaja na ufa. Ndivyo lilivyo. Umbo si tatizo la nje ambalo unaweza kulisukuma. Kitu kimepungua ndani, na hakuna maji ya moto yanayoweza kukirudisha.

Viwanda vilishtuka mapema. Katikati ya miaka ya 1950 Tri-ang wakahamia polistirini, ambayo haipindi hivyo. Polistirini ndiyo plastiki ya treni za modeli hadi leo, pamoja na ndugu zake waliochanganywa na mpira ili wasivunjike kirahisi. Wapinzani wao wa Hornby Dublo walichelewa. Waliendelea kung'ang'ania zinki na bati, wakaanza kutoa mabehewa ya mizigo yenye miili ya polistirini mwaka 1958 tu, wakati treni za Tri-ang zilishajaa kwenye nyumba za watu wa kipato cha kawaida. Mwaka 1964 Lines Brothers wakaimeza Meccano pamoja na Hornby yake. Jina likawa Tri-ang Hornby. Plastiki ya bei nafuu ikamshinda chuma mwenye heshima zake.

Ngoja niwape somo la jikoni, maana hili nimelifanya mwenyewe na linawezekana hata kwenye chumba cha hosteli. Unataka kujua kipande kilichovunjika ni asetati au polistirini? Chukua glasi ya maji, tia chumvi ukikoroga mpaka ikatae kuyeyuka zaidi. Weka tone la sabuni ya vyombo ili mapovu ya hewa yasikudanganye. Tumbukiza kijipande. Polistirini ni nzito kidogo tu kuliko maji ya kawaida, kwa hiyo kwenye maji ya chumvi nyingi inaelea. Asetati ni nzito zaidi, inazama. Mzee alinipa vipande sita kutoka kwenye bati lake la mabaki. Vinne vikaelea, viwili vikazama. Vile viwili vyote vilitoka kwenye vitu vya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nilijisikia kama daktari.

Ukishajua, matibabu yanafuata. Polistirini ikivunjika ndiyo rahisi kuliko zote. Ile gundi ya modeli ya majimaji siyo gundi kwa maana tuliyoizoea, ni kiyeyusho. Unashikanisha nyuso mbili za mpasuko zikiwa safi, unagusisha brashi yenye kiyeyusho pembeni, chenyewe kinanywewa ndani ya ufa. Plastiki ya pande zote mbili inalainika, inachanganyikana, kisha kiyeyusho kinaruka hewani na kuacha kipande kimoja. Ni kama kuchomelea, ila bila moto. Unaacha siku nzima bila kugusa. Sehemu inayobeba uzito, kama ngazi ya injini au pembe ya behewa, unaongeza kipande cha karatasi ya polistirini kwa nyuma ambako hakuonekani. Kosa kubwa ni kumwaga nyingi: itayeyusha na sura ya nje, alama za misumari midogo ziondoke, na hiyo hairudi.

Asetati nayo inalainishwa na asetoni, ile iliyomo kwenye dawa nyingi za kufutia rangi ya kucha. Lakini hapo unaziba ufa kwenye kitu kinachoendelea kusinyaa. Kesho kitavuta upande mwingine.

Na vioo? Hapa ndipo nilipojua dhambi yangu. Supaglu ina historia yake ya ajabu. Mwaka 1942 Harry Coover wa kampuni ya Kodak alikuwa anatafuta plastiki angavu ya kutumia kwenye vifaa vya kulengea bunduki. Akapata kitu kinachoganda kwenye kila kitu kinachokigusa, akakitupa kando kwa hasira. Miaka kadhaa baadaye ndipo ikaonekana kumbe tatizo hilo ndilo biashara yenyewe, na mwaka 1958 kikaanza kuuzwa kama gundi. Kinapoganda kinatoa mvuke, mvuke huo unakutana na unyevu na kutua kama unga mweupe. Kwenye chuma hujali. Kwenye dirisha la plastiki angavu ndiyo ule ukungu niliouleta mimi. Vioo hubandikwa kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka haina rangi, na ukikosea unaiosha kwa maji. Yaani dawa sahihi ilikuwa ya bei rahisi kuliko ile niliyotumia. Mzee alinipa dawa ya kung'arishia na kitambaa laini, nikasugua kama saa moja na nusu. Ukungu umepungua. Haujaisha.

Kuna mgonjwa mwingine kwenye sanduku ambaye alinikumbusha nyumbani. Ni injini ya dizeli ya mfano wa Kimarekani, mzee aliinunua miaka ya 1990, kampuni siitaji. Inatembea vizuri, ila kila mzunguko inasema tak, tak, tak, halafu kwenye kona inakwama. Ukiifungua unakuta gia ndogo ya plastiki kwenye ekseli imepasuka kwa mstari mmoja mwembamba. Mstari huo unapanua nafasi kati ya jino na jino, basi hapo ndipo inaporuka.

Kwa nini ipasuke wakati imekaa tu kabatini? Gia hizi kwa kawaida ni za naironi au asetali. Naironi ilitangazwa na DuPont mwaka 1938, asetali yao ya Delrin ikaingia sokoni mwaka 1960. Zote zinateleza zenyewe na hazipigi kelele, kwa gia ndogo ni nzuri kweli. Lakini gia inasukumwa kwa nguvu kwenye ekseli ya chuma iliyo nene kidogo kuliko tundu lake ili isizunguke bure. Tangu siku hiyo plastiki inavutwa kutoka ndani, mchana na usiku, iwe inatembea au imelala. Ikizeeka au ikisinyaa kidogo, inaachia. Kwa hiyo haikuvunjwa na mtoto, wala haikuvunjwa na safari.

Nikataka kuibandika. Mzee akatikisa kichwa. Asetali haishikwi na gundi yoyote ya kuaminika, ndiyo maana inateleza vizuri. Hapo nikacheka, maana hilo nalijua tangu utoto. Wale mafundi wa ndoo na mabeseni kule kwetu, mmewahi kuwaona wakitumia gundi? Hapana. Wanapasha kisu kwenye jiko la mkaa na kuyeyusha plastiki yenyewe izibe ufa. Ndoo na mabeseni yale kwa kawaida ni polithini au polipropilini, ambazo nazo zinakataa gundi. Fundi wa mtaani hajasoma kemia, lakini alishajibu swali la "plastiki gani?" kabla yangu mimi wa chuo kikuu. Gia lakini huwezi kuiyeyusha kwa kisu, meno yataharibika. Dawa ni moja: hesabu meno, pima kipenyo cha ekseli na cha gia nzima, tafuta nyingine ya vipimo hivyo. Tukaipata, nikaivuta ile ya zamani kwa koleo na kuisukuma mpya kwa kibano cha meza, polepole, huku mzee akiangalia magurudumu yasiende upande. Tak tak imekwisha.

Hilo neno "tafuta nyingine" ndilo linalobeba nusu ya pili ya historia hii. Unatafuta wapi?

Zamani jibu lilikuwa kiwandani. Tri-ang na Hornby walichapisha karatasi za huduma zenye mchoro wa kila injini ikiwa imefunguliwa vipande vipande, kila kipande na namba yake. Ulikwenda kwa muuzaji aliyeidhinishwa, ukataja namba, ukapewa. Mota moja waliyoiita X04 waliitumia kwenye injini nyingi kwa miaka mingi, kwa hiyo spea ya moja ilifaa kwa nyingine. Mzee ana karatasi hizo bado, zimekunjwa na zina madoa ya chai. Mpangilio huo ulikuwa unamwambia mtoto kwamba kitu chako kitavunjika, tunajua, na sisi tupo.

Halafu wakawa hawapo. Mwaka 1971 Lines Brothers ilianguka kifedha. Treni zikaendelea kutengenezwa Margate chini ya wenye mali wengine, na mwaka 1972 zikapewa jina la Hornby Railways, lakini bidhaa nyingi za zamani ziliachwa na spea zake zikakauka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 utengenezaji wenyewe ulikuwa umehamia China, na siku hizi treni inatengenezwa kwa toleo moja, kalibu inafungwa, mafundi wanaanza nyingine. Ukivunja ngazi ya toleo lililopita ni bahati yako.

Watu wakajisaidia wenyewe. Njia ya kwanza ni ile ya kila karakana duniani: unanunua treni mbovu, unaichinja, unachukua kiungo. Ya pili ni kunakili. Unachukua kipande kizima, mfano kile cha upande wa kushoto kama cha kulia kimevunjika na vinafanana, unakizamisha kwenye mpira wa silikoni mpaka ugande. Unakitoa, shimo lililobaki ndiyo kalibu yako, unamimina resini. Nakala inakuwa ndogo kidogo sana kuliko mama yake kwa sababu resini nayo husinyaa ikiganda, kwa hiyo ukinakili nakala ya nakala mwisho haikai.

Ya tatu ni printa ya 3D. Mmarekani Chuck Hull alipata hataza ya kuchapa kwa resini inayogandishwa na mwanga mwaka 1986. Mwaka 2005 Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath akaanzisha mradi wa RepRap, printa ambayo mtu anaweza kuijenga mwenyewe, na hataza ya msingi ya njia ya kuyeyusha uzi wa plastiki ilipoisha mwaka 2009 bei zikaporomoka. Mwaka 2007 ilianza kampuni ya Shapeways huko Uholanzi, ndani ya Philips. Mtu anachora ngazi ya injini ya mwaka 1955, anaiweka huko, na mwingine wa Australia anaagiza na kuchapiwa. Ikaonekana kama kiwanda kimefufuka, safari hii ni cha wote.

Mwaka 2024 Shapeways ikafilisika. Baadaye mwaka huo huo baadhi ya watu wake wa zamani wakaifufua, lakini kwa miezi kadhaa waliokuwa wanategemea duka hilo hawakuweza kuuza wala kuagiza hata kipande kimoja. Yaani 1971 imejirudia. Aliyekuwa na mchoro kwenye kompyuta yake mwenyewe alisalimika. Na resini zile za kuchapa nazo zina ugonjwa wake: nyingi zikikaa kwenye mwanga wa jua zinaendelea kuganda mpaka zinakuwa kavu na kukatika kama tambi mbichi. Mjukuu wa mtu atazikuta na kuuliza swali lile lile: plastiki gani?

Sasa nimalizie na behewa la ndizi, maana ndilo lililonisumbua.

Nilipomaliza gia na vioo nilimwambia mzee kwamba behewa lile halitibiki, ila tunaweza kupata mwili wa aina hiyo hiyo wa polistirini uliotengenezwa miaka michache baadaye, tuuweke juu ya magurudumu yake, litatembea tena. Nilijua nimesema vizuri, kama mtu aliyesoma. Akaligeuza behewa, akanionesha pembe moja kwa ndani. Kuna gundi ya kahawia, imekaa kwa donge, na alama ya kidole imeganda juu yake.

Baba yake alifanya kazi kwenye karakana ya mabehewa hapa hapa York, ile iliyofungwa mwaka 1996. Alijenga mabehewa ya kweli. Kijana alipoangusha behewa lake dogo mwaka 1954, baba alirudi kazini jioni akaliziba kwa gundi aliyokuwa nayo mfukoni. Gundi haikuwa sahihi. Imeshika nusu tu, na imeacha doa. Mzee akasema, "Alikuwa fundi mzuri wa mbao. Plastiki hakuijua, hakuna aliyeijua wakati huo."

Nikanyamaza. Darasani tunafundishwa kwamba chanzo cha historia kinaweza kuwa chochote, tunaitikia kwa kichwa, tunaandika kwenye daftari. Lakini mimi nilikuwa nakaribia kutupa ushahidi wenyewe kwa sababu haukai vizuri kwenye reli. Ningebadilisha mwili, treni ingepona, na miaka 70 ya baba na mwana ingeenda kwenye pipa la taka, tena pengine siku ambayo siyo.

Tumekubaliana hivi. Mwili mpya wa polistirini umewekwa kwenye magurudumu na unatembea na treni. Ule wa zamani hatukuugusa. Tumeuweka kwenye sanduku la karatasi lenye matundu, mbali na vingine, kwa sababu mvuke wa siki ukifungiwa unaharakisha uozo wake na unaweza kula chuma kilicho jirani. Utaendelea kupinda. Hatuuzuii, ila hatuuharakishi.

Na kila kitu nilichogusa nimekiandikia kikaratasi: ni plastiki gani, nimetumia nini, mwaka gani. Kwenye behewa la vioo nimeandika kwamba ukungu ni wangu, niliweka supaglu bila kuuliza. Mzee alikisoma kile kikaratasi, akasema baba yake hakuacha maelezo yoyote, ingekuwa vizuri kama angeacha.

Esei ya Kiingereza imerudi na maksi nzuri, ila mwalimu ameandika pembeni kwamba nimeongea sana kuhusu gundi. Sawa tu.

Haya wadau, kama nyumbani kwenu kuna toy, redio, au hata jagi la plastiki la bibi lililozibwa na mtu ambaye hayupo tena, kabla hamjatupa geuzeni muangalie kwa ndani. Mkikuta kitu niandikieni. Mimi ngoja nikanunue chumvi nyingine, ya jikoni nimeimaliza kwenye majaribio na mwenzangu wa chumba ameanza kuuliza maswali.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.